Mama, Nimemlisha Mzee Chakula cha Ng'ombe

Mama,

Huku Kapseret tuko. Mvua ya kupanda ilikuja ukiwa umeshatuacha, mahindi yamefika magotini, na ndege za kutoka uwanjani bado zinapita juu ya nyumba, na kuku bado wanakimbilia chini ya meza wakidhani ni mwewe. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno yatakufikia tu siku moja, na afadhali uyasikie kutoka kwangu kabla jirani fulani hajafa akakuletea kwa njia yake.

Nimemlisha mzee wako chakula cha ng'ombe.

Usiinuke, Mama. Ngoja nieleze. Unajua sikusoma sana, niliachia darasa la sita, kwa hivyo nitaeleza polepole vile mambo yalifuatana.

Wiki ile tulitoka kukuzika nilisimama jikoni nikaogopa sufuria. Tangu mwanao Kiprono anioe akanileta kwako, jikoni ilikuwa yako. Mimi nilikuwa mkaza mwana wa kukata vitunguu na kuchambua mawe kwa maharagwe. Wewe ndiye ulijua mzee anataka ugali mgumu kiasi gani, na chumvi ifike wapi. Mimi nikipika ulikuwa unaonja kidogo, unaweka kijiko chini, unauliza, "Hii imepikwa na mtu alikuwa anakimbilia gari gani?" Sasa umeniachia mwiko, umeniachia mzee, na neno lako la mwisho pale kitandani lilikuwa hilo moja tu: "Mzee asilale njaa." Habari yangu hukuuliza. Sikuweka moyoni, Mama. Niliweka kichwani, na hapo ndipo shida ilianzia.

Kwa sababu wewe ulipoenda, mzee alianza kula. Watu wengine wakifiwa wanakataa chakula. Mzee wako alikula kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza chini ya sahani. Ugali wa unga mweupe wa pakiti, mlima na kilele chake. Asubuhi viazi na chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama. Mimi nikafurahi. Nikasema, angalau Mama akiangalia huku ataona nafanya kazi. Halafu mzee akawa anakunywa maji kama ndama, akawa ananiona wawili nikiingia mlangoni, na siku moja akatusalimia sote wawili. Kiprono alikuwa mbali na trekta kwa mashamba ya ngano. Akaniambia kwa simu, "Mpeleke kliniki leo, si kesho."

Nikampeleka. Ilikuwa sukari. Presha pia ilikuwepo, lakini hiyo ilitajwa mwishoni, kama mgeni aliyekuja kumsindikiza mwenzake.

Nesi alikuwa msichana mpole wa umri wa kuitwa mwanangu. Akachora sahani kwa karatasi. Nusu ya sahani, mboga. Kando hapa, maharagwe au yai au nyama kidogo. Na hiki kipande kilichobaki, ugali, kama ngumi.

Mzee akauliza, "Ngumi ya nani?"

"Yako, mzee."

Mzee akakunja ngumi akaiweka mezani. Mama, unaijua ngumi ya mzee, ile ya kushika fahali pembe. Nesi akaiangalia, akaangalia sahani yake ya karatasi, akasema, "Basi labda nusu ya ngumi." Urafiki wao ukaishia hapo.

Tukiwa tunatoka akanivuta kando. Akasema sukari ikiachwa hivi itaenda kwa macho, itaenda kwa miguu. Akasema niache unga mweupe, nitafute unga wenye pumba zake, nipunguze mafuta, na sukari ya chai mzee aisikie kwa jirani tu. Mimi unanijua, mtoto akikohoa mara moja nimeshachagua nyimbo za mazishi. Nilirudi nyumbani sioni njia.

Na kwanza, Mama, nilikuwa nadhani chakula cha afya ni cha watu wenye friji. Kwa redio kuna mama mmoja anaongea habari hizo asubuhi, sauti nzuri, na kila kitu anachotaja sijawahi kukiona. Samaki wa pinki. Mafuta ya zeituni. Mbegu fulani za kunyunyizia uji, jina lake ukilitamka unapiga chafya. Nikawa nauliza redio, sasa sisi wa kabichi twende wapi? Haikunijibu, iliweka tangazo la mbolea.

Jioni hiyo nikampikia mzee vile nesi alisema. Ugali wa nusu ngumi, mboga imejaa sahani. Akaangalia. Akasema, "Hii ni ya kuonja?" Nikasema hapana, Baba, ndiyo yenyewe. Akala kimya. Siku ya pili akala kimya zaidi. Siku ya tatu akasukuma sahani, akasema bila hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza: "Mama Chebet, kama umechoka na mimi niambie tu. Ndugu yangu yuko Ainabkoi, na kwake watu wanakula."

Wewe ungeelewa, Mama. Hapa kwetu mkaza mwana akimpa baba mkwe ugali mdogo, hajasema mambo ya sukari. Amesema, mzee, njia ya kutoka ni ile. Na huyo ndugu yake, Baba Mdogo, unamjua. Kwake nyama ni asubuhi, ugali wake unahitaji watu wawili kuubeba, na chai yake nyuki wanaifuata. Angempokea kaka yake kwa mikono miwili na angemzika kwa upendo kabla mahindi hayajakauka. Na mimi ningebaki hapa naitwa yule mwanamke aliyemfukuza mzee wa watu kwa njaa. Hapo ndipo nilikuwa nimesimama. Nikimpa kidogo, anaenda. Nikimpa mwingi, anaenda pia, na kule hakuna kurudi.

Basi nikaenda dukani kwa Abdi kutafuta huo unga wenye pumba. Upo, pakiti ndogo, imeandikwa kwa dhahabu. Nilipoona bei nikairudisha kwa rafu kama mtu ameshika mtoto wa wenyewe. Abdi akacheka. "Mama Chebet, hiyo ni ya watu wanaokimbia asubuhi bila kufukuzwa."

Nikiwa narudi, nikapita kwa agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, kumchukulia Madam chakula. Madam bado yuko, ile ng'ombe uliyoipa jina kwa sababu inatembea kama mwalimu mkuu. Pale mlangoni kulikuwa na magunia ya poladi, hizo pumba za ngano tunazompa wakati wa kukamua. Nikasimama. Nikaingiza mkono. Rangi ni ile ile ya unga wa Abdi. Nikawaza, kumbe hawa watu wanatoa pumba kwa ngano yetu, wanawauzia ng'ombe bei ya chini, halafu hizo hizo wanatuwekea kwa pakiti ya dhahabu? Mama, nilijiona nimewapata. Nikanunua gunia moja, nikarudi nyumbani nikiwa nimeinua kichwa.

Nikaichekecha, nikaichanganya na unga wa mahindi, nikasonga. Ilitoka ya kahawia, nzito, yenye harufu nzuri kama mkate. Na nikajiambia jambo moja la kijinga ambalo wakati ule lilikuwa na akili sana: kama ni pumba tu, basi hata mzee akila mlima, hakuna sukari humo. Nikamjengea mlima. Nilitaka kulia kwa furaha. Heshima imekaa, afya imekaa, na bei nimeikanyaga.

Mzee alionja akafumba macho. "Hii," akasema, "ndiyo ugali ya wakati wetu." Akala mpaka akanishukuru, na wewe unajua huyo mzee anashukuru mvua tu. Tukala hivyo ugali, tukala chapati, watoto wakabeba shuleni. Na sitaki kuongea vibaya, Mama, lakini wewe ndiye ulikuwa unamchemshia zile dawa za tumbo lililofunga. Sasa mzee alikuwa anaenda choo akitembea kama mtu aliyeitwa kwa jina, na akitoka huko anatoka na wimbo. Akaanza kujisifu kanisani. Akawaambia wazee wenzake, "Ninyi endeleeni na mapakiti. Mimi mkaza mwana wangu amenirudisha ujana." Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Sasa, chakula hicho kilikuwa kinatoka wapi? Kilikuwa kinatoka kwa gunia la Madam. Kununua gunia la pili niliona ni uharibifu, kwa hivyo nilikuwa nampunguzia kidogo. Halafu kidogo tena. Madam akawa ananiangalia. Nikienda na ndoo anaingiza mdomo, anainua kichwa, ananitazama machoni kama mwalimu anayesubiri mtu ajitaje mwenyewe. Maziwa yakashuka. Mzee ndiye anakamua, akaona. Akasema huyu ni mgonjwa. Akamwita daktari wa mifugo, ambaye, Mama, ni yule yule kijana mwenye agroveti.

Akaja, akampima Madam joto, akamfungua mdomo, akambonyeza tumbo. Sisi sote tumesimama pale kwa boma, mimi nikiwa nyuma ya watoto.

"Hana ugonjwa," akasema. "Huyu ana njaa. Mzee, mnampa poladi?"

"Kila siku. Mama Chebet ananunua kwako."

"Najua ananunua. Juzi tu amechukua gunia."

"Gunia limeisha," mzee akasema.

"Limeisha likienda wapi?"

Na Jeptoo, kitinda mimba wangu, ambaye nikimwita aoge hasikii, hiyo alisikia. Akasema kwa sauti ya kuimba, "Tunakula siiisi!"

Mama, hata Madam aliacha kutafuna.

Yule kijana alijifunika uso kwa koti lake jeupe, na mabega yakawa yanaruka. Mzee hakucheka. Aliniangalia, akaangalia ng'ombe, akaniangalia tena. Akasema, "Basi jioni uje unikamue." Akaingia nyumbani. Nikasikia anavuta begi lake chini ya kitanda, lile la kwendea harambee. Nikasikia anampigia Baba Mdogo simu, anaongea kwa nguvu ili hata mtaa wa pili usikose. "Njoo unichukue. Ndiyo. Hapana, siwezi kusema kwa simu nilikuwa nakula nini."

Nilienda kliniki mbio kumwuliza nesi kama nimewaua. Nilipomweleza aliweka kichwa kwa meza akacheka mpaka wagonjwa wakafungua mlango kuangalia. Halafu akafuta macho, akawa mkali. Akasema chakula cha mifugo hakiwekwi kwa usafi wa chakula cha watu, kinaweza kuwa na ukungu, nisirudie kabisa. Na pumba si dawa ya kufuta mlima, ugali ni ugali. Nikaona aibu mpaka nikaangalia ukuta. Ndipo akaniuliza, pole pole, "Mama, nyinyi kwenu mnalima nini?"

Nikasema mahindi.

"Yako wapi?"

"Stoo."

"Mnayafanyia nini?"

Mama, tunayauza, halafu tunanunua unga mweupe wa pakiti. Wewe mwenyewe ndiye ulisema unga mweupe unamwonyesha mgeni kwamba tumeamka. Nesi akasema, "Peleka mahindi yako kwa kisiagi cha unga, wayasage bila kukoboa. Si hiyo ndiyo yenye pumba?" Nilikaa pale. Nimezunguka kwa Abdi, nimezunguka kwa agroveti, nimemnyang'anya ng'ombe, na dawa ilikuwa inalala nyumba moja na panya wetu.

Akaniuliza tena mboga. Nikasema managu inamea yenyewe nyuma ya boma, tunaing'oa kama magugu, kwa sababu kabichi ni haraka. Maharagwe? Tuko nayo, lakini inakula kuni. Akasema loweka asubuhi. Avokado? Nikasema tunawapa nguruwe wa jirani. Hapo aliniangalia vile Madam huniangalia.

Basi swali langu kwa redio nililipatia jibu mwenyewe, na si jibu tamu sana. Chakula cha afya si lazima kiwe ghali. Lakini hicho cha bure kinataka mikono yako. Managu unachambua jani kwa jani mpaka vidole viwe kijani, na maharagwe ukiyasahau asubuhi jioni yanakusahau. Siku nikichoka ni mayai, nyanya na mabaki ya mboga, dakika chache tumemaliza, na hakuna aliyekufa. Lakini hiyo yote ilikuwa ya watoto na mimi. Mzee alikuwa anakula kwake chumbani, ndizi, akisubiri ndugu yake.

Baba Mdogo alifika Jumamosi na pikapu ya kukodisha, tumbo likitangulia. Hakuja kumchukua kaka yake tu, alikuja kukagua. Aliingia, akaketi, akavua kofia, akasema, "Nasikia hapa kuna chakula ya ajabu. Hebu leteni tuone." Begi la mzee lilikuwa tayari mlangoni. Mzee alikaa upande wake, anaangalia picha yako ukutani, ile umevaa kitambaa cha zambarau, na haniangalii mimi.

Nilikuwa nimepika managu iliyolala na maziwa, mafuta nimegusisha tu. Maharagwe laini na nyanya. Avokado nimekata. Mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa kibuyu. Na ugali wa mahindi yetu, haujakobolewa. Nikasimama na mwiko juu ya ugali na mkono ukakataa kushuka. Nikikata mdogo mbele ya huyu mgeni, mzee ameshaenda. Nikikata mkubwa, nesi yuko masikioni. Mama, nilikuita. Kwa sauti. Watoto walidhani nimeungua.

Nikamjengea mlima. Nisamehe. Mbele ya ndugu yake nilishindwa kumpunguzia mzee wako. Nikamjengea na ndugu yake wake, nikawapelekea yote miwili, sawasawa, nikarudi nyuma ya mlango macho yamejaa.

Mzee aliangalia ule mlima kwa muda. Halafu akageuka akaniangalia, mara ya kwanza tangu siku ya Madam, na nadhani aliona vile nilivyokuwa. Akanawa mikono. Akaita, "Chebet! Njooni wote." Watoto wakaja mbio. Akamega kipande kikubwa, akakifinyanga, akakiweka kwa mkono wa Chebet. Akamega kingine. Na kingine. Mpaka mbele yake ikabaki nusu ya ngumi, na hiyo ngumi ilikuwa ya nesi, si yake.

"Baba yetu," akamwambia Baba Mdogo, "uliwahi kumwona akimaliza ugali watoto wakiwa wamesimama?"

Baba Mdogo, mdomo umejaa, akasema hapana, hakuwahi.

"Basi."

Na watoto wakageuka, Mama. Wote. Wakamnyooshea Baba Mdogo mikono. Sikuwahi kuona mtu akiagana na ugali vile. Alikuwa anamega kipande, anakiangalia, anampa mtoto, na Jeptoo anameza anarudi kwa foleni kama mtu mpya. Mwishowe alibaki na maharagwe na managu, akaanza kuyala kwa kulipiza kisasi, akaongeza, akaongeza tena, akamaliza avokado, akaniuliza kama managu imebaki.

Jioni alipanda pikapu peke yake. Nikamsikia akimwambia dereva, "Kaka yangu hana shida. Hapa mwenye njaa ni mimi." Na kwa kanisa siku iliyofuata, wale wazee walisema mzee wetu amekuwa mkarimu sana siku hizi, labda ni huzuni. Mzee aliitikia kwa kichwa. Sukari haikutajwa popote. Hivyo ndivyo tunakula sasa. Mimi najenga mlima, yeye anaugawa, na hakuna mtu amemwambia mwenzake kwamba ni mpango. Kliniki ni Jumatano na naogopa hiyo mashine yao ya kutoboa kidole, siwezi kukudanganya kwamba amepona. Lakini ananiona mmoja tu nikiingia.

Nimekukosa, Mama. Naonja mboga, naweka kijiko chini, nangoja mtu aniulize gari. Kimya. Wakati mwingine nahesabu hiyo kimya kama ruhusa, wakati mwingine nalia ndani ya moshi, ili watoto waseme ni moshi.

Leo baada ya kula mzee amekaa nje na fimbo yake. Nikatoka kuchukua sahani. Hakugeuka. Akasema, "Mama Chebet."

Nikasema, "Naam, Baba."

"Kesho tunakula nini?"

Nikapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Pumzika vizuri, Mama, usinisikilizie kila saa, nakuahidi huyu mzee nitakaa naye na nitampikia maadamu anauliza. Kesho ni ndengu.

Mkaza mwana wako,
Mama Chebet